Kodi ya kiwanja Nairobi na kodi ya kiwanja mashambani: mambo ya kupima kabla ya kulipa arubuni

Mdogo wangu na mkewe wamejiwekea akiba ya kununua ardhi, na kwa miezi kadhaa sasa wanazunguka na swali lilelile: wanunue kiwanja kidogo ndani ya Nairobi, wavuke mpaka waingie Kajiado ambako pesa zilezile hupata eneo kubwa zaidi, au waache kununua kabisa wakajenge Makueni kwenye shamba la marehemu baba. Hoja iliyowashika zaidi ni ya kodi. Wameambiwa na watu wengi kwamba ardhi ya Nairobi humla mwenyewe kila mwaka, ilhali ya kaunti za mashambani haidai kitu. Nimeona heri niyaandike yote ninayoyajua, kwa kuwa maneno hayo yana ukweli nusu tu, na nimeshuhudia katika familia yetu jinsi nusu iliyobaki inavyoweza kumgharimu mtu.

Kwanza zitenganishwe kodi mbili ambazo karibu kila mtu huzichanganya, kwa sababu majina yake ya Kiingereza, land rates na land rent, yanafanana sana masikioni. Ya kwanza ni kodi ya kaunti (land rates), ambayo Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 209, imeiweka mikononi mwa serikali za kaunti. Hutozwa ardhi kwa sababu ipo ndani ya eneo linalotozwa kodi hiyo, bila kujali aina ya hatimiliki yako. Ya pili ni pango la ardhi (land rent), linalolipwa serikali ya kitaifa kupitia wizara ya ardhi, na hili humhusu mwenye milki ya muda, yaani aliyekodishwa ardhi na serikali kwa miaka 99 au muda mwingine uliotajwa. Mwenye milki huru hana pango la kulipa. Kwa hiyo anayelinganisha Nairobi na Kajiado bila kuuliza aina ya hatimiliki huwa analinganisha vitu viwili visivyolingana: kuna viwanja vya milki huru ndani ya Nairobi visivyolipiwa pango, na kuna viwanja vya milki ya muda katika miji midogo ya kaunti za mashambani vinavyolipiwa kodi zote mbili kila mwaka.

Nianze na Nairobi, kwa kuwa hesabu yake ndiyo inayoogopwa zaidi. Kwa muda mrefu kaunti hii, na halmashauri ya jiji iliyoitangulia, ilitoza kodi kwa kutumia daftari la uthamini, yaani orodha ya thamani za viwanja, la mwaka 1980, na kiwango kilikuwa kimefika asilimia 34 ya thamani iliyoandikwa humo. Sheria ya wakati huo ilitaka daftari lifanywe upya angalau kila baada ya miaka 10, lakini la Nairobi lilikaa takriban miaka 40. Asilimia 34 inatisha kuisikia, ila ilikuwa ni asilimia 34 ya bei za zamani mno: kiwanja kilichoandikwa shilingi 30,000 mwaka 1980 kililipiwa shilingi 10,200 kwa mwaka. Baadaye lilitayarishwa daftari jipya lenye thamani za mwaka 2019, na kuanzia mwaka 2023 kaunti ikaanza kutumia kiwango cha asilimia 0.115. Waliosikia kwamba kodi imeshuka kutoka asilimia 34 hadi chini ya asilimia moja walishangilia mapema. Kiwanja hichohicho, wathamini wa kaunti wakikiandika kuwa cha shilingi milioni 10, kitalipiwa shilingi 11,500. Wakikiandika milioni 20, kitalipiwa 23,000. Ukikokotoa utaona kwamba mwenye kiwanja hicho alipata nafuu ikiwa tu kiliandikwa chini ya shilingi milioni 8.9 hivi. Kwa sababu hiyo mtu asilinganishe kaunti na kaunti kwa asilimia peke yake. Aulize asilimia hiyo ni ya thamani gani, na thamani hiyo iliandikwa mwaka gani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kodi hiyo ya Nairobi hutozwa kwa thamani ya ardhi tupu, si ya nyumba iliyojengwa juu yake. Mwenye kibanda cha mabati na mwenye nyumba ya mawe ya ghorofa moja, viwanja vyao vikiwa sawa na vimepakana, hulipa sawa. Mimi nauona utaratibu huu kuwa wa haki kwa mtu anayetaka kujenga akaishi, kwa maana haumwadhibu kwa kuongeza chumba, na unamkaba kidogo yule anayeacha ploti ikimea magugu akingoja bei ipande. Ila katika mitaa ambako bei ya ardhi imepanda kwa kasi kwa sababu ya barabara mpya au ya majumba ya kupangisha, mstaafu aliyejenga nyumba yake zamani hujikuta akitozwa kwa utajiri ambao hawezi kuushika mkononi mpaka auze na kuhama.

Kuhusu fleti nitasema kwa ufupi. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, mwenye fleti anaweza kupata hatimiliki yake mwenyewe na kutozwa kodi kwa sehemu yake. Kabla hujanunua, hakikisha kwamba hatua hiyo imekamilika, kwani pale ambapo hatimiliki mama, ile ya kiwanja kizima, bado iko kwa mjenzi, deni la kodi la jengo zima linaweza kuzuia uhamisho wa fleti yako hata kama wewe umelipa kila ulichodaiwa.

Sasa tuvuke mpaka. Kajiado si kaunti ya aina moja, na hapo ndipo ulinganisho wa wengi unapokosea. Kuna maeneo ya Ongata Rongai, Ngong na Kitengela, ambayo kimaisha ni Nairobi iliyofurika, na kuna ardhi pana ya kusini ambako zamani zilikuwa ranchi za pamoja, zikagawanywa kwa wanachama, kisha wengine wakawauzia watu wa mjini. Sheria ya kodi ya ardhi ya mwaka 1963 iliruhusu njia kadhaa za kutoza: kwa thamani ya ardhi, kwa makadirio ya mapato ya kilimo, au kwa ukubwa wa eneo tu. Kaunti nyingi zenye mashamba makubwa zimetegemea njia hii ya mwisho, kwa sababu haihitaji mthamini: ardhi hutiwa katika madaraja kulingana na ukubwa na matumizi, kila daraja likawekewa kiasi maalumu cha kulipa kwa mwaka. Kwa mnunuzi wa kawaida, kodi ya namna hii huwa nyepesi, na uzuri wake ni kwamba inatabirika. Haibadiliki kwa kuwa jirani ameuza ghali. Ubaya wake ni kwamba mwenye kiwanja duni hulipa sawa na mwenye kiwanja kizuri cha ukubwa uleule, na kwamba kiasi chenyewe kinaweza kurekebishwa katika sheria ya fedha ambayo kaunti huipitisha mwaka hadi mwaka. Anayetaka kujua atalipa nini aisome sheria ya fedha ya mwaka huu ya kaunti husika, wala asitegemee kauli ya dalali.

Zaidi ya hayo, sheria zile za zamani zilifutwa na sheria mpya ya kitaifa ya kodi za ardhi ya mwaka 2024, iliyokusudiwa kuziweka kaunti zote 47 chini ya utaratibu mmoja wa kuthamini na kutoza. Kwa maoni yangu, anayenunua mashambani leo kwa matumaini kwamba kodi itabaki ya shilingi mia chache kwa miaka 20 ijayo anajidanganya. Kadiri miji midogo inavyopandishwa kuwa manispaa, ndivyo ardhi inayoizunguka inavyoingizwa katika madaftari ya uthamini. Hata milki huru yenyewe imeanza kuangaliwa upya: mswada wa marekebisho ya sheria za ardhi wa mwaka 2023 ulipendekeza tozo ya kila mwaka kwa ardhi ya milki huru iliyo ndani ya miji.

Makueni, kwenye shamba la marehemu baba, hali ni tofauti kabisa. Ni ardhi ya kilimo yenye milki huru, haina pango, na kwa miaka yote baba alipokuwa hai sikumbuki siku hata moja aliyoletewa bili ya kodi. Mtu akiishia hapo atasema Makueni imeshinda. Lakini hatimiliki ya shamba hilo bado ina jina la marehemu, na mpaka mirathi ikamilike mahakamani hakuna mtoto anayeweza kukatiwa sehemu yake kisheria. Ada za wakili, za mpima ardhi na za kutoa hatimiliki mpya ndizo zinazochukua nafasi ya kodi ambayo hatukuwahi kulipa. Na mmoja wetu akitaka kuuza sehemu yake, ataihitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, ambayo inapaswa kuombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba uandikwe, la sivyo mkataba unakuwa batili. Hilo humhusu pia anayenunua shamba la kilimo Kajiado au Machakos. Mnunuzi wa kiwanja cha makazi mjini kwa kawaida hapitii bodi hiyo.

Nimekaa sana kwenye kodi za kila mwaka kwa sababu ndizo watu wanazozizungumzia, ila ukiziweka hesabu sambamba utaona kwamba mzigo mkubwa haupo huko. Upo siku ya kununua. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi iliyo ndani ya manispaa na miji, na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Chukua kiwanja cha Nairobi cha shilingi milioni 10: ushuru wa stempu ni shilingi 400,000. Ikiwa daftari la kaunti nalo linasema milioni 10, kodi yake ya mwaka ni shilingi 11,500, kwa hiyo ushuru wa siku moja ni sawa na kodi ya kaunti ya karibu miaka 35. Chukua kiwanja cha milioni 2 nje ya mji: ushuru ni shilingi 40,000 kikihesabiwa kuwa cha mashambani, na shilingi 80,000 mstari wa manispaa ukipita upande wa pili wake. Tofauti hiyo ya shilingi 40,000 inaamuliwa na ramani ambayo wanunuzi wengi hawajawahi kuiona. Nimewaambia mdogo wangu na mkewe kwamba kabla ya kubishana juu ya kodi ya kila mwaka, waulize kwanza kama kiwanja wanachokitaka kimo ndani ya mipaka ya manispaa au la, kwa sababu swali hilo moja hubadilisha ushuru wa stempu na aghalabu hubadilisha pia namna ya kutoza kodi ya kaunti.

Siku ya kuuza nayo ina kodi yake, inayomwangukia muuzaji. Kodi ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, baada ya kuwa asilimia 5 tangu ilipofufuliwa mwaka 2015. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza haitozwi, wala ardhi ambayo mtu binafsi anaiuza kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3. Hapa kiwanja kidogo cha mashambani kina nafuu ya wazi: kilichonunuliwa kwa milioni 1.5 na kuuzwa kwa milioni 2.8 kinapita bila kodi hiyo, ilhali kiwanja kitupu cha Nairobi kilichonunuliwa kwa milioni 10 na kuuzwa kwa milioni 14 kitatozwa takriban shilingi 600,000, kabla ya kuondoa gharama zinazoruhusiwa. Mwenye nia ya kununua ardhi aiweke tu mpaka watoto wafike chuo kikuu aipime hesabu hii kuliko nyingine yoyote. Kuhusu pato la kupangisha, hakuna cha kulinganisha, maana asilimia 7.5 ya pato hilo inayotozwa tangu mwaka 2024 ni ileile Nairobi na Makueni.

Sasa nieleze yaliyompata dada yetu mkubwa, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nisiamini tena maneno ya kwamba ardhi ya mashambani haidai kitu. Mwaka 2015 alinunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 katika kaunti moja jirani, kutoka kwa watu waliokuwa wamenunua shamba kubwa na kulikata vipande. Wakili alifanya upekuzi wa hatimiliki, ukatoka safi: hakuna mkopo, hakuna zuio. Dada hakuletewa bili yoyote kwa miaka saba, akaamini kwamba hakuna kodi. Mwaka 2022 alitaka kukiuza ili amalizie karo ya binti yake, na mnunuzi akahitaji cheti cha kutodaiwa. Nilimsindikiza hadi ofisi ya ardhi ya kaunti. Karani alipiga namba ya kiwanja kwenye kompyuta, akasema haipo. Akauliza namba ya shamba la awali, ile iliyokuwepo kabla ya kukatwa, akaipiga, kisha mashine ya kuchapisha ikaanza kutoa karatasi. Zilikuwa karatasi tatu. Safu ya kushoto ilikuwa ya kodi yenyewe, kiasi kidogo kilekile kila mwaka, na safu ya kulia ilikuwa ya riba, ikianza na tarakimu tatu juu kabisa na kuishia na tarakimu sita chini. Deni lilianza miaka mingi kabla dada hajakijua kiwanja hicho.

"Lakini mimi nina hatimiliki yangu," dada alimwambia.

"Ni kweli, mama," karani akajibu, kwa upole, akiwa anazipanga karatasi. "Hatimiliki ni yako, na deni la ardhi ni lako pia. Sisi hatuangalii nani aliliacha."

Alikuwa anasema sheria ilivyo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinataja kodi za kaunti zisizolipwa miongoni mwa madai yanayoifunga ardhi hata kama hayakuandikwa kwenye rejista. Ndiyo maana upekuzi ulitoka safi huku deni lipo. Upekuzi huonyesha kilichosajiliwa, na deni hili halihitaji kusajiliwa. Wanunuzi wenzake wa shamba hilo walichanga, wakalipa sehemu, wakaomba kupunguziwa riba, na uuzaji ulikamilika baada ya miezi mitano, wakati binti alikuwa tayari amekosa muhula mmoja. Kiasi cha kodi yenyewe, bila riba, kwa miaka yote saba ya dada, kilikuwa kidogo kuliko nauli alizotumia kufuatilia.

Kwenye jambo hili moja naiona Nairobi ikiwa afadhali. Kodi yake ni kubwa zaidi, lakini kiwanja kilichokatwa kihalali kina akaunti yake, mwenyewe anaweza kuona salio kwenye mfumo wa malipo wa kaunti kwa simu, tarehe ya mwisho ya kulipa bila riba ni 31 Machi, na mara kwa mara kaunti husamehe riba kwa wanaolipa deni la msingi lote. Kaunti nyingine nazo zimeingiza malipo ya mtandaoni, ila pale ambapo kumbukumbu za ugawaji wa mashamba hazijafikishwa kwenye mfumo, hakuna namna isipokuwa kwenda ofisini ukiwa na namba ya shamba mama mkononi.

Wapo wanaouliza kodi hiyo inanunua nini. Swali ni halali, na jibu halipendezi upande wowote. Mitaa mingi ya Nairobi hulipa kodi ya kaunti na bado hujichangia pesa za kuzoa taka na za mlinzi wa lango. Upande wa Kajiado, jirani zangu wa zamani waliohamia huko wamechanga wenyewe pesa za moramu ya barabara, za nguzo za umeme, na za kisima, kwa kuwa mtaa wao ulianza kama shamba na hakuna aliyepanga huduma kabla ya ploti kuuzwa. Mwaka wa kwanza michango hiyo ilizidi kwa mbali kodi ambayo wangelipa Nairobi kwa mwaka. Kwa hiyo ninapofanya hesabu ya kiwanja cha mashambani, huongeza mstari wa michango kando ya mstari wa kodi, na namshauri kila mtu aende akawaulize wakazi wa hapo, si muuzaji, wamechanga kiasi gani tangu wahamie.

Kwa mdogo wangu na mkewe, ambao wanataka kujenga na kuishi, na ambao kazi zao zote mbili ziko mjini, mimi naelekea Nairobi endapo watapata kiwanja ambacho akaunti yake ya kodi inaonekana na haina deni, hata kikiwa kidogo. Wakikikosa, Kajiado ndani ya manispaa, kwa ushuru wa asilimia 4, ni bora kuliko kiwanja cha mbali chenye ushuru wa asilimia 2 na hatimiliki mama yenye historia isiyojulikana. Kama wangekuwa wananunua ili waweke akiba tu kwa miaka kumi, ningewaambia kinyume: kiwanja cha bei ndogo nje ya mji, chini ya ile milioni 3, kodi yake ilipwe kila mwaka na stakabadhi zihifadhiwe. Makueni tusiiguse mpaka mirathi ikamilike.

Kesho asubuhi tunakwenda ofisi ya ardhi ya kaunti kuomba taarifa ya deni la kiwanja walichokipenda. Tumeshaandika namba mbili kwenye karatasi, ya kiwanja chenyewe na ya shamba kilikokatwa, na muuzaji ameambiwa kwamba arubuni haitatoka mpaka zote mbili zijibiwe.